Kasi ya kompyuta anaila nani?

SWALI: Mtaalamu, hujambo na kazi? Mimi niko idara ya hesabu. Ofisi imetubadilishia kompyuta. Ya zamani ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4, hii ina 16, na fundi anasema prosesa yake ni bora mara nyingi. Wiki ya kwanza ilipaa. Sasa nikifungua programu ya gumzo la kazini nangoja kama zamani, na nikiandika kwenye kivinjari kuna nyakati herufi zinakuja nyuma yangu. Halafu tuliambiwa mfumo mpya wa hesabu utatupunguzia kazi, lakini saa za kutoka ni zilezile na ripoti zimeongezeka. Hii kasi yote anaila nani? Na je, nimwombe bosi kompyuta yenye nguvu zaidi?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu, na swali lako lina meno. Nikujibu mapema nisije nikakungojesha na mimi: kasi haikupotea, imetumika. Waliotumia ni watu wenye mahitaji yao, na kupunguza kungoja kwako hakukuwa juu kwenye orodha yao. Ukishajua nani analipia nini, hili la kompyuta na lile la ripoti yanakuwa swali moja.

Fundi wako hakukudanganya. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista (swichi ndogondogo za umeme) 2,300. Apple M1 ya 2020 ina bilioni 16. Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Intel, aliuona mwelekeo huo tangu 1965, akasema idadi ya vijenzi kwenye chipu moja itakuwa inaongezeka maradufu kila mwaka, kisha mwaka 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Kwa miongo kadhaa neema hiyo ilikuja na nyongeza: transista zikiwa ndogo zaidi, ziliweza pia kuendeshwa kwa mdundo wa haraka zaidi bila chipu kuungua. Mhandisi Robert Dennard na wenzake walieleza sababu yake mwaka 1974. Katikati ya miaka ya 2000 nyongeza hiyo ikakatika. Prosesa ya Pentium 4 ilifika gigahetzi 3.8, yaani midundo bilioni 3.8 kwa sekunde, mwaka 2004, na mashine iliyo mezani kwako leo, ikijikaza kwelikweli, inafika labda 4 au 5. Watengenezaji walipoukuta ukuta huo wakaanza kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja, yaani badala ya mfanyakazi mmoja mwepesi zaidi, tukapewa wafanyakazi wanane wa kasi karibu ileile.

Sasa, wafanyakazi wanane wanafaa pale kazi inapogawanyika. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilisema hili mwaka 1967 na hesabu yake haijapingika: kama sehemu moja ya kumi ya kazi lazima ifuate foleni, hata uwe na viini elfu moja hutavuka mara kumi ya kasi ya kiini kimoja. Kufungua programu ni kazi ya foleni kwa sehemu kubwa. Soma faili hili ndipo ujue lipi linafuata, iulize seva kama huyu mtu bado ameingia, ngoja jibu, ndipo uchore dirisha. Hiyo "mara nyingi" ya fundi ni ya kweli kwa anayehariri video au kukokotoa mifano mikubwa. Kwako wewe viini sita vimekaa vinatazamana.

Lakini hiyo ni nusu tu ya habari, na ndiyo nusu ndogo. Chukua herufi moja, a, uifuate njiani. Unaibonyeza. Chipu iliyo ndani ya kibodi hupitia safu za vitufe ikitafuta kilichobonyezwa, na inasubiri kidogo ihakikishe kuwa mguso umetulia. Inaandaa ujumbe, halafu inakaa nao, kwa sababu kwenye USB kibodi haisemi mpaka kompyuta iiulize. Mfumo endeshi, kama Windows, unapokea ujumbe, unaangalia ni dirisha gani liko mbele, unaukabidhi kwa kivinjari. Kivinjari nacho kimejigawa: sehemu inayopokea vitufe si ile inayoendesha ukurasa, kwa hiyo ujumbe unavushwa tena. Ndani ya ukurasa kuna programu iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, yenye maswali yake. Neno hili limekosewa? Mwenzako aonyeshwe kwamba unaandika? Rasimu ihifadhiwe sasa? Baada ya hapo ukurasa unapangwa upya, unachorwa, na mchoro unapelekwa kwa kile kipande cha mfumo kinachounganisha madirisha yote kuwa picha moja. Picha inangoja zamu ya skrini, ambayo kwa kawaida hujichora mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Ukikosa zamu hii, ngoja ijayo. Ndipo unaiona a.

Mwaka 2017 mhandisi Dan Luu alipima safari hiyo, toka kidole mpaka skrini, kwenye mashine za zamani na mpya. Apple IIe ya 1983, yenye prosesa ya megahetzi moja hivi, ilitumia takriban milisekunde 30. Kompyuta kadhaa za kisasa zilizidi 100. Kwenye ile ya 1983 hakukuwa na watu wengi wa katikati: kitufe, prosesa, skrini, basi.

Nisiwaonee hao wa katikati, maana wengine wana kazi ya maana sana. Kivinjari kimejigawa vipandevipande ili ukurasa mbovu usiweze kuchungulia ule unaoandika nywila ya benki. Mashine ya 1983 isingeweza kukuonyesha Kiarabu, Kichina na Kiamhari kwenye ujumbe mmoja. Nikiambiwa nirudi huko nitakataa. Ninacholalamikia ni sehemu ya safari ambayo haimsaidii yeyote aliyeketi mbele ya skrini.

Na hapo ndipo ilipo programu yako ya gumzo. Hukuitaja jina, na haidhuru, kwa kuwa programu nyingi za mezani siku hizi, zikiwemo Slack na Discord, zimejengwa juu ya Electron, mfumo ulioanzia kampuni ya GitHub mwaka 2013. Maana yake ni kwamba kila programu inabeba tumboni kivinjari kizima, Chromium, kwa ajili yake peke yake. Ukifungua tatu za namna hiyo pamoja na kivinjari chako cha kawaida, unaendesha vivinjari vinne. Gigabaiti zako 16 zimepata wapangaji.

Kwa nini wahandisi wenye akili timamu wafanye hivyo? Kwa sababu inalipa. Kampuni inataka programu yake iwe kwenye Windows, macOS, Linux na kwenye wavuti. Inaweza kuajiri timu kwa kila upande, watu waliobobea, kila kipengele kiandikwe mara nne na kila kasoro itafutwe mara nne. Au iajiri timu moja inayojua JavaScript, iandike mara moja, iuze kote. Mshahara wa mwandishi wa programu umo kwenye vitabu vya kampuni. RAM ya kompyuta yako haimo. Sekunde zako za kungoja hazimo pia. Wewe ni mtu wa hesabu, unajua kinachotokea kwa gharama isiyo na mstari wake kwenye daftari.

Mimi hukaa kwenye vikao vinavyoamua haya. Kazi zimeorodheshwa kwa umuhimu. Juu kabisa kuna kitufe ambacho mteja mkubwa amesema bila hicho hasaini mkataba. Chini yake kuna kasoro za usalama, kisha vitu ambavyo mshindani anavyo na sisi hatuna. Huko chini kabisa, mwezi baada ya mwezi, kuna kazi iliyoandikwa "punguza muda wa kufungua". Hakuna anayeipinga. Wote tunakubali ni muhimu, halafu tunaendelea na inayofuata. Mteja anayeweza kusema "sitanunua mpaka ifunguke kwa sekunde moja" hayupo, kwa kuwa anayenunua programu za ofisini ni mkuu wa idara, na anayeingoja ni wewe.

Piga hesabu uone. Sekunde 10 za kungoja, mara sita kwa siku, kwa wafanyakazi 200: ni sekunde 12,000, sawa na saa 3 na dakika 20 kila siku. Najua utanirudi kwamba sekunde zilizotawanyika si saa. Huwezi kuzikusanya ukaandikia nazo ripoti. Ni kweli, na ndiyo sababu mimi hii hesabu siitegemei sana. Madhara makubwa yako kwingine: mtu akingoja sekunde 10 anachukua simu, na akishachukua simu hujui anarudi lini. Wachumi wana mfano wao wa kale wa gharama kama hii, moshi wa kiwanda: anayeutoa si anayeuvuta, kwa hiyo bei ya bidhaa haiutambui.

Ushahidi kwamba hili ni suala la nani analipa, si la uwezo wa mashine, ni huu: pale anayechelewesha anapolipa mwenyewe, kasi inapatikana. Mchezo wa video una milisekunde 16.7 za kukokotoa na kuchora dunia nzima yenye miti, maji na vivuli, kisha uanze upya, mara 60 kwa sekunde. Mchezo ukikwamakwama mchezaji anaudai pesa yake. Kwenye masoko ya hisa mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilifungua kebo ya nyuzi za kioo kati ya Chicago na New Jersey, imenyooshwa kadiri milima ilivyoruhusu, ili safari ya kwenda na kurudi iwe milisekunde 13 hivi. Muda si mrefu wakaja wengine na minara ya mawimbi ya redio, kwa kuwa mwanga ndani ya kioo husafiri kwa takriban theluthi mbili tu ya kasi yake hewani, wakaipita. Yote hayo kwa milisekunde chache. Hata kampuni ileile inayokuuzia programu nzito, ukiangalia upande wa seva zake, ambako bili ya umeme na ya wingu, yaani kompyuta za kukodi, inakuja kwake, utakuta wahandisi wanakamua msimbo mpaka tone la mwisho. Wanajua kuandika programu nyepesi. Hawajalipwa waiandike kwa ajili ya mashine yako.

Niklaus Wirth, aliyeunda lugha ya Pascal, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko vifaa vinavyozidi kuwa na kasi. Wakati huo RAM ya nyumbani ilihesabiwa kwa megabaiti. Mzee huyo amefariki mwaka 2024 na hakuna aliyemkanusha.

Tuje kwenye ripoti. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona jambo lililowashangaza wengi: injini za mvuke zilipoboreshwa zikala makaa machache kwa kazi ileile, matumizi ya makaa nchini yalipanda badala ya kushuka. Nguvu ilikuwa imekuwa rahisi, kwa hiyo watu wakabuni mahali pengi zaidi pa kuitumia. Hesabu za ofisini zilipitia njia hiyohiyo. Kabla ya VisiCalc, lahajedwali (programu ya majedwali ya hesabu) ya kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo, mwaka 1979, kubadilisha tarakimu moja kwenye bajeti kulimaanisha mtu na kikokotoo na kifutio, akipiga upya kila jumla ya safu na ya mstari. Bosi aliyeijua kazi hiyo alifikiri mara mbili kabla ya kuuliza "je, mauzo yakishuka asilimia tano?" Baada ya 1979 swali hilo likawa la sekunde moja. Basi wakauliza asilimia tano, kumi, kumi na tano, kwa kila tawi, kwa kila mwezi.

Ripoti zako zimeongezeka kwa sababu kuziomba kumekuwa bure. Anayeomba habebi gharama yoyote. Wewe unayeisafisha data, unayepiga simu kuuliza kwa nini tawi fulani lina sifuri, unayepanga safu ziingie kwenye ukurasa, ndiye unayeibeba. Ni yaleyale ya programu ya gumzo, yamehamia kwenye kiti kingine. Mwanauchumi John Maynard Keynes alikadiria mwaka 1930 kwamba baada ya miaka mia moja, wiki ya kazi ingekuwa ya saa 15. Miaka mia hiyo inaishia 2030. Kwenye ukuaji wa utajiri hakukosea sana. Alichokosea ni kudhani kwamba tukizalisha zaidi kwa saa moja tutachukua mapumziko badala ya vitu zaidi, na kwamba anayepanga saa za kazi ndiye anayezifanya.

Kuhusu mfumo wenu mpya nina wazo moja la ziada. Mwanauchumi Robert Solow alitania mwaka 1987 kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Mwaka 1990 mwanahistoria wa uchumi Paul David akajibu kwa kuangalia umeme. Thomas Edison alifungua vituo vyake vya kwanza mwaka 1882, lakini viwanda vya Marekani havikuvuna matunda yake kwa wingi mpaka miaka ya 1920. Kwa muda mrefu wenye viwanda waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa palepale, na kuacha mihimili na mikanda yote ya zamani ikizunguka darini. Faida ilikuja walipoipa kila mashine mota yake na kulipanga upya jengo zima. Sasa jiulize: hati ya malipo kwenye mfumo mpya bado inachapwa, inatiwa saini kwa kalamu, inaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo? Kama ndiyo, mmebadilisha mota na mikanda imebaki.

Wenzangu wengi sasa wanaamini akili bandia itakata mzizi huu, kwa kuwa msimbo utaandikika kwa bei ya bure. Mimi nasita. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR liliwapima waandishi wa programu 16 wazoefu kwenye miradi waliyoijua vizuri. Walipotumia zana za akili bandia walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na bado walipoulizwa baadaye walisema zimewaongezea kasi kwa asilimia 20. Ni utafiti mdogo, wa zana za wakati ule, kwa hiyo usiufanye msahafu. Lakini unaonyesha kitu ninachokiona kila siku kazini: kuandika kumekuwa rahisi, kukagua hakujawa rahisi, na mzigo umetoka kwa anayezalisha ukaangukia kwa anayesoma. Ukiletewa ripoti ya kurasa 30 iliyotungwa kwa dakika mbili, utanielewa.

Sasa kompyuta. Usiombe mpya bado. Siku ikianza kukuchelewesha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja (kwenye Windows hapo hufunguka Task Manager) na uangalie mashine inafanya nini wakati ule ule unaongoja. Kumbukumbu, yaani RAM, ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 90, shida ni wapangaji: zima programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, toa viongezi vya kivinjari usivyovitumia, na lile gumzo lifungue kama ukurasa ndani ya kivinjari badala ya kuliendesha kama programu ya peke yake. Nadhani hapa ndipo utakapopata nafuu. Wiki ya kwanza mashine ilipaa kwa sababu hakuna kilichokuwa kimewekwa. Diski ikiwa kwenye asilimia 100, mara nyingi ni kinga ya virusi au nakala rudufu inayojifanya katikati ya saa za kazi. Idara ya kompyuta inaweza kuisogeza iwe ya usiku.

Prosesa ni ya kusoma kwa uangalifu. Kwenye mashine yenye viini vinane, ukiona inasoma asilimia 12 au 13 na haitikisiki, usidhani imepumzika. Huenda kiini kimoja kimefika mwisho wa uwezo wake na saba vinatazama, na prosesa ya bei kubwa zaidi itakusaidia kidogo tu. Na kama kila kitu kiko chini, kumbukumbu, diski, prosesa, basi unaingoja seva, na hapo hata kompyuta ya mamilioni itangoja pamoja nawe.

Andika unachokiona kwa wiki moja: saa ngapi, programu gani, ulingoja kiasi gani. Karatasi hiyo mpelekee bosi pamoja na orodha ya ripoti mnazotoa kila mwezi, na kila ripoti uandike ni nani aliyeiuliza swali lolote mara ya mwisho. Zile ambazo hakuna aliyewahi kuziuliza swali, omba ruhusa ya kuacha kuzituma kwa miezi miwili na muone nani atapiga simu. Na mkataba wa mfumo wa hesabu ukifika wakati wa kusainiwa upya, mwombe aingize kifungu kimoja: ripoti ya mwezi ifunguke ndani ya sekunde kadhaa mtakazokubaliana, ikipimwa kwenye kompyuta zenu, na muuzaji akishindwa ada ipungue.

Hicho kifungu kikiingia, mwezi huo huo ile kazi ya "punguza muda wa kufungua" itapanda juu ya orodha kwenye kikao cha watu fulani usiowajua.